Daftari Lenye Tope

Katika baadhi ya nyumba zenye bustani ya mboga nyuma ya jiko, juu ya kizingiti cha dirisha au juu ya mfuniko wa debe la mbegu, hukaa daftari la shule ambalo halijawahi kwenda shule. Jalada lake la nyuma bado lina jedwali la kuzidisha, lakini hakuna mtoto anayelikariri; pembe zake zimejikunja kwa umande, pini zake zimeota kutu, na chini ya kila ukurasa wa kulia pana baka la hudhurungi lenye mistari midogo iliyopinda, ambalo ni alama ya kidole gumba kilichotoka kushika mche kabla hakijashika kalamu. Hati za ardhi humtaka asiyejua kuandika atie dole gumba kwa wino, ili ithibitike kuwa yaliyoandikwa ni yake. Daftari hili hutiwa dole hata na anayejua kuandika vizuri, na wino wake ni tope. Swali linalozuka mbele ya kitu duni kama hiki ni kwa nini mwenye jembe aone haja ya kalamu, ilhali udongo haujui kusoma, mvua haifuati ratiba ya mtu, na mchicha humwotea hata yule ambaye hajaandika neno lolote.

Methali husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kawaida hutajwa dukani, pale mwenye duka anapoandika kilo mbili za sukari alizokopwa na jirani. Bustani nayo ni mali, ila upotevu wake ni wa siri kuliko ule wa duka, kwa sababu kinachopotea mwanzoni si mboga zenyewe: hupotea jina la mbegu iliyostahimili jua la Februari, hupotea wiki ambayo kabichi zilipasuka, hupotea sababu iliyofanya karoti za mwaka juzi zitoke zimegawanyika miguu miwili kama suruali. Maneno yenyewe yanalijua jambo hili. Daftari lilifika katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha hadi neno la Kiyunani cha kale lenye maana ya ngozi iliyotengenezwa, kwa kuwa ngozi iliandikiwa kabla karatasi haijaenea. Bustani ni neno la Kiajemi linalounganisha harufu na mahali. Na shajara, neno ambalo Kiswahili sanifu hulitumia kwa kitabu cha kumbukumbu za kila siku, katika Kiarabu ni mti. Anayetunza shajara ya bustani, kwa asili ya maneno, anatunza mti ndani ya mahali penye harufu nzuri, na mfano huo una mafunzo: miti mingi ya nchi zenye majira huongeza duara moja ndani ya shina kila msimu wa kukua, na mwaka wa ukame kwa kawaida hairuki duara hilo, huliandika jembamba, kisha ikaendelea.

Kazi za daftari hili ni mbili, na hazipatani sana. Ya kwanza ni kupanga, yaani kuchora matuta kabla hayajachimbwa, na kuhesabu siku kwa kurudi nyuma, kutoka siku ya kuchuma hadi siku ya kusia mbegu kitaluni, kitalu kikiwa ni kile kitanda cha udongo laini ambamo miche hulelewa kabla ya kupandikizwa. Anayetaka sukuma wiki anajua kwamba mche hukaa kitaluni kwa wiki 4 hadi 6, na kwamba baada ya kuhamishwa utadai karibu miezi 2 kabla majani yake ya chini hayajafaa kuingia sufuriani. Anayetaka mchicha usikatike hajazi tuta lote siku moja, bali husia kipande kila baada ya wiki 2, utaratibu unaoweza kuitwa kupanda kwa zamu, kwa sababu mchicha huwa tayari kwa wiki 3 au 4 na haumngoji mtu. Kupanga hufanywa kivulini, kwa rula, na mistari yake hunyooka. Kazi ya pili ni kufuatilia, yaani kuandika yaliyotokea kweli, nayo hufanywa juani, daftari likiwa juu ya goti, kwa mwandiko uliolala. Wapo wanaotenga ukurasa wa kushoto kwa mpango na wa kulia kwa matokeo. Kushoto hakuna vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani machanga hadi yakajikunja, kulia wapo. Kushoto mvua hunyesha tarehe yake. Kulia imechelewa siku 19. Baina ya kurasa hizo pana mkunjo wenye pini, na elimu ya bustani hukaa humo mkunjoni, katika tofauti ya kilichokusudiwa na kilichokuwa, mahali ambapo kalamu haiwezi kuandika lakini jicho linalosoma pande zote mbili huona.

Ukurasa wa kulia una lugha yake, na lugha hiyo haina vivumishi. Waweza kusomeka hivi: tuta la 3, karibu na bomba, mchicha, 12 Machi; umeota 16 Machi; kuku. Neno hilo la mwisho, lililosimama bila kitenzi, ni habari kamili kwa kila aliyewahi kulima nyuma ya nyumba, na hakuna maelezo marefu yatakayoiongezea uchungu. Mistari michache chini yake huenda pakaandikwa: tuta lile lile, nyanya, mche wa pili kutoka ukingoni, umenyauka mchana, majani bado mabichi. Mwenye kuandika hivyo ameanza, pengine bila kujua, historia ya ugonjwa uitwao mnyauko bakteria, ambao huziba mishipa ya maji ndani ya shina hata mmea ukafa kwa kiu huku miguu yake ikiwa katika udongo uliolowa. Kipimo chake ni chepesi: hukatwa kipande cha shina karibu na ardhi, kikaning'inizwa katika glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache uzi mweupe kama wa maziwa hushuka taratibu kutoka kwenye mkato, nao ndio bakteria wenyewe wakimiminika. Uzi huo ukionekana, hakuna dawa ya kuuokoa mmea. Kilichobaki ni kukumbuka, kwa kuwa vijidudu hivyo huweza kudumu udongoni miaka kadhaa, na nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu, viazi mviringo na hata mnavu ni ndugu wa ukoo mmoja wanaorithishana maradhi. Ndiyo maana ya kilimo cha mzunguko, yaani kubadilisha koo za mazao katika tuta moja msimu hadi msimu, ili tuta lililougua lipewe mahindi au vitunguu lipumzike na wagonjwa wake. Lakini jicho peke yake haliwezi kuendesha mzunguko huo, kwa sababu tuta lililoua miche 40 mwaka jana, likishalimwa na kutiwa samadi, ni jeusi na laini kama mengine yote. Ardhi haioneshi kovu. Daftari ndilo kovu lake.

Wakulima wa nyanya wa Tanzania walimpa mdudu mmoja jina linalostahili kufikiriwa hapa. Ni nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini na kugunduliwa nchini mwaka 2014, ambaye viwavi wake hutoboa mifereji ndani ya majani na kuingia katika tunda lenyewe. Wataalamu kwa muda mrefu walimwita Tuta absoluta, jina ambalo kwa bahati tu linasikika katika masikio ya Kiswahili kana kwamba nalo limetoka shambani. Wakulima walimwita Kanitangaze. Katika jina hilo mdudu ndiye anayesema, na anasema kwa kiburi: nenda ukawaambie wengine nilivyokufanya. Mzaha wake una ukali, kwa kuwa anayepoteza mazao kwa kawaida hapendi kutangaza. Mavuno mazuri hupelekwa kwa jirani katika ungo uliofunikwa kwa jani la mgomba. Mavuno mabaya hufukiwa shimoni jioni. Kumbukumbu ya mkulima, nayo, ina adabu za mgeni mezani: husifu chakula na kunyamazia mawe yaliyokuwa kwenye wali. Baada ya miaka 3 mtu huapa kwamba nyanya zake hustawi kila vuli, na hasemi uongo kwa makusudi, bali amewasahau wafu wake. Njia ya mwongo ni fupi, na kumbukumbu isiyoandikwa ni mwongo mwenye tabasamu. Daftari humkatiza njiani kwa tarehe moja na neno moja, kama lile la kuku.

Ziko namna nyingine za kuandika majira, na pwani ya Afrika Mashariki iliijua mojawapo kabla kalenda za ukutani hazijafika. Mwaka wa jua wa Waswahili ulianza kwa Nairuzi, jina lililotokana na mwaka mpya wa Waajemi, siku ambayo Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado husherehekewa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Kutoka siku hiyo siku zilihesabiwa kumi kumi, na kila kumi liliitwa mwongo, hata miongo 36 na siku 5 za ziada zikatimiza 365. Kalenda ya Kiislamu iliongoza saumu na sikukuu, lakini mwaka wake wa siku zipatazo 354 huzunguka katika majira yote, mara kiangazi, mara masika, na hauwezi kumwambia mtu lini asie mbegu. Kwa hiyo mkulima na nahodha, mmoja akingoja mvua na mwingine akingoja upepo wa kusi, walikutana katika hesabu ya miongo. Hata hesabu hiyo ilikuwa na mwanya, maana haikuwa na siku ya kufidia mwaka mrefu, hivyo iliteleza ikaachana na jua kwa takriban siku 1 kila miaka 4, na katika umri wa miaka 60 mteremko huo hufika siku 15, ambazo kwa mwenye mbegu mkononi ni tofauti ya tuta lililoota na tuta lililooza. Bila shaka ilibidi jicho liisahihishe namba, na wingu liisahihishe tarehe. Ndivyo lilivyo kila daftari: ni kweli kwa siku liliyoandikwa na mahali lilipoandikwa, kisha huanza kuteleza. Usisafirie nyota ya mwenzio, wasema mabaharia, na bustani ya Lushoto milimani haiwezi kupanda kwa saa ya bustani ya Tanga mjini, wala Mbeya yenye msimu mmoja wa mvua haiwezi kufuata Moshi yenye vuli na masika. Maandishi nyuma ya pakiti ya mbegu ni nyota ya mwenzio. Ni lile daftari lenye tope tu linalotaja nyota ya uwanja huu, wenye ukuta huu unaoleta kivuli saa tisa alasiri.

Mbali na hapa, katika karne ya 18, waliishi watu wawili ambao madaftari yao ya bustani yaliwazidi umri. Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne kusini mwa Uingereza, alianza mwaka 1751 kuandika kalenda ya bustani yake, akihesabu mikokoteni ya samadi iliyotiwa chini ya vitanda vya matango na matikiti ili joto la kuoza kwake liyadanganye yadhani yako nchi ya jua. Na jicho lililozoea kungoja tikiti likaanza kungoja pia mbayuwayu, mvua na minyoo, hata kikazaliwa kitabu cha historia ya asili ya kijiji hicho, kilichochapishwa mwaka 1789. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa 3 wa Marekani, alifungua kitabu chake cha bustani mwaka 1766 akiwa kijana wa miaka 22, kwa mstari mmoja juu ya ua la rangi ya zambarau lililoanza kuchanua, na hakukiacha hadi mwaka 1824, miaka 2 kabla ya kufa. Huko Monticello, nyumbani kwake kilimani Virginia, aligawa orodha zake kwa safu: mahali ilipopandwa, siku iliposiwa, ilipohamishwa, ilipofika mezani, ilipokwisha. Safu ya kufika mezani ina upole wake, kwa kuwa inakiri kwamba mboga haikomi kwenye mche bali kwenye sahani. Hata hivyo kinachomfundisha zaidi msomaji wa leo ni jinsi mtu huyo, aliyeandika Tangazo la Uhuru la nchi yake, alivyoandika tena na tena kwamba mbegu fulani imeshindwa, na msimu uliofuata akapanda nyingine.

Lakini kitabu kinachokiri kushindwa kwa mbaazi chaweza kunyamaza kuhusu mambo makubwa zaidi. Bustani ya Monticello, yenye urefu wa karibu mita 300, ilichongwa katika ubavu wa kilima kwa mikono ya watu waliokuwa watumwa wa Jefferson na wengine waliokodishwa kutoka kwa mabwana wao. Jembe, ndoo na toroli vilikuwa vyao, kalamu ilikuwa yake. Mtunza bustani mkuu, Wormley Hughes, alikuwa mtumwa. Na watu hao walikuwa na bustani zao wenyewe karibu na vibanda vyao, wakizilima usiku na Jumapili, nje ya saa za bwana. Kati ya mwaka 1805 na 1808 Anne Cary Randolph, mjukuu wa Jefferson, aliandika katika hesabu za nyumba kuku, mayai, matango na kabichi ambazo nyumba kubwa ilizinunua kutoka kwao, pamoja na majina ya wauzaji na bei. Nyumba yenye bustani mashuhuri ilikuwa ikinunua mboga kwa watu iliowamiliki. Lini walisia matango yale, kuku waliharibu tuta lipi, mbegu walizihifadhi ndani ya kibuyu gani, hakuna shajara iliyosema. Bustani zao zimeingia katika maandishi kwa mlango wa mnunuzi, kama matumizi ya mtu mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati mwingine, kwa uchungu zaidi, habari yake hubaki katika daftari la asiyelima.

Hilo halikuhusu Virginia peke yake. Katika vijiji na miji ya Afrika Mashariki, bustani ya mboga kwa kawaida imekuwa ya mama au bibi, mita chache kutoka jikoni, ikinyweshwa maji yaliyooshea mchele, na elimu yake imekaa kinywani: mgagani uchumwe kabla ya maua, kisamvu kitwangwe kikiwa kichanga, tembele hupandwa kwa kipande cha shina wala halihitaji mbegu, majani ya maboga humenywa nyuzi kuanzia kwenye kikonyo. Elimu hiyo si ya chini kwa kukosa karatasi. Imelisha watu wengi kuliko kitabu chochote cha rais. Udhaifu wake ni mmoja, kwamba huondoka na mwenyewe, na mara nyingi mjukuu anayerudi kutoka mazikoni hukuta mbegu ndani ya chupa isiyo na jina, nyeusi, ndogo, zinazong'aa, asijue kama ni mchicha wa majani mapana au wa majani membamba. Pia kuna elimu inayoishia sokoni, ambapo mboga hugeuka fungu, na fungu hugeuka bei, na anayenunua haulizi tuta. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye sahani hamjui mwenye ndoo.

Kwa hiyo thamani ya daftari lenye tope haitokani na kumfanya mwenye nalo aitawale ardhi, maana mvua itaendelea kuchelewa bila kusoma ukurasa wa kushoto. Thamani yake ni kwamba linaandika yale ambayo kumbukumbu hupata raha kuyasahau, nayo ni ya namna mbili: vilivyokufa, na waliofanya kazi. Daftari linalotaja mavuno tu ni tangazo la biashara. Linalotaja mavuno na hasara ni elimu. Linalotaja mavuno, hasara na mikono ni hesabu ya haki, na hesabu ya namna hiyo haihitaji ufasaha. Inahitaji safu moja zaidi ya zile za Jefferson. Ni kawaida kuandika kwamba bilinganya zilimwagiliwa kila jioni kwa wiki 6, kana kwamba zilijimwagilia zenyewe, wakati palikuwa na mtoto wa miaka 10 aliyebeba ndoo kutoka bombani kabla ya kufanya kazi zake za shule, au kibarua aliyelipwa kwa siku na kusahauliwa kwa msimu. Kiswahili kina kauli ya kutendwa inayomwezesha mwandishi kumficha mtenda bila kusema uongo. Shambani kauli hiyo itumiwe kwa kiasi, kama chumvi.

Basi anayefungua ukurasa mpya msimu huu na aandike tarehe, namba ya tuta, jina la mbegu, na jina la aliyelichimba tuta hilo. Kuku wakija, na aandike kuku.